Kitabu Kisicho na Ukurasa wa Mwisho

Kurugenzi ya Kukuza Mapenzi ya Vitabu kwa Watoto Wadogo ina furaha kuutangazia umma kuwa lengo la mwaka limefikiwa kwa asilimia mia moja. Vitabu vyetu elfu nne vya hadithi havina hata doa. Vimo kabatini, kabati limefungwa, ufunguo ninao mimi, Naibu Mkurugenzi, na mtoto yeyote anayetaka kuvipenda anaruhusiwa kuvipenda kupitia kioo.

Kwa msingi huo mtaelewa mshtuko nilioupata nilipokagua darasa la chekechea lililo nyuma ya soko. Watoto kumi na tisa walikuwa wamekizunguka kitabu kimoja mkekani, wengine wamekilalia kabisa. Jalada limeshikiliwa kwa plasta ya kidonda. Ukurasa wa tatu una uji. Ukurasa wa tano una alama za meno.

"Mwalimu," nikasema, "hiki kitabu kimefanywa nini?"

"Kimesomwa, mkuu."

"Na nani?"

"Na hawa wote. Nikimaliza wanasema tena. Sauti imenikauka."

Nikaandika: unyanyasaji wa kitabu, wa makusudi na wa kurudiarudia. Nikakitaifisha papo hapo. Binti wa fundi cherehani, mwenye miaka mitano, akaning'ang'ania suruali kwa mikono miwili.

"Babu, hicho chetu! Mbuzi wa humo ndani hajaoga bado!"

"Mbuzi ataoga kwa mujibu wa taratibu," nikamjibu.

Akaangua kilio, na wenzake wakadakia. Nakiri moyo uliniuma, lakini nilikuwa kazini.

Kesho yake kamati ilikaa kutathmini uharibifu. Mkurugenzi Mkuu, ambaye hajawahi kufungua kitabu chochote cha Kurugenzi kwa kuhofia kukichafua, alikisoma kwa sauti ili ushahidi uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Mbuzi alikataa kuoga. Akajificha kwenye pipa la unga. Mkurugenzi akajikuta anasema "mee". Mwanasheria wetu akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mbuzi akapanda juu ya paa, ngazi ikaanguka, mama yake akatokea na ndoo ya maji, na...

Ukurasa wa mwisho haukuwepo.

"Na nini?" Mkurugenzi akafoka. "Naibu! Na nini?"

"Sina taarifa, mheshimiwa."

Kamati iliunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikapendekeza kwamba mbuzi aliteleza; mwanasheria akapinga vikali, akatishia kujiuzulu. Kufikia saa nane mchana Mkurugenzi alikuwa hashikiki. Tukapanda gari wajumbe wote wanne, bendera mbele, moja kwa moja mpaka chekechea.

Binti wa fundi cherehani alitupokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyu ndiye anayeujua mwisho," mwalimu akasema. "Mdogo wake aliutafuna ule ukurasa mwaka jana. Yeye kaushika kichwani."

"Mjukuu wangu," Mkurugenzi akabembeleza, "mbuzi alioga?"

"Nipe kitabu kwanza."

Akampa. Mtoto akakikumbatia, akakinusa, akakibusu pale penye uji. Niliona aibu, tena ya kweli.

"Vueni viatu," akasema. "Kaeni."

Tukakaa mkekani, suti zote nne, magoti yakilia. Akamrudishia Mkurugenzi kitabu akiwa amekishika upande mmoja, asije akakimbia nacho.

"Soma toka mwanzo. Mwisho nitasema mimi."

Mkurugenzi akasafisha koo, akasoma kwa sauti anayofungulia mikutano. Alipofika kwenye pipa la unga, mtoto akamkatiza.

"Sivyo! Mbuzi anaogopa!"

"Mee," akasema Mkurugenzi.

"Ogopa!"

"Meee!"

Mtoto akamtazama kuanzia soksi mpaka upara, kisha akamgeukia mwalimu kwa masikitiko.

"Huyu bado hajui kusoma. Akae nyuma na wale wadogo, mbuzi asomwe na mtu mwingine."

Mkurugenzi Mkuu akaniangalia nimwokoe. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono juu kabisa, naomba zamu yangu.