Wiki Niliyoachiwa Ufunguo wa Duka la Asali

Jumatatu, 16 Juni 2025

Eufrazia ameondoka alfajiri kwa basi la Inyonga kununua asali ya msimu. Kabla ya kupanda amenikabidhi ufunguo wa duka. Tangu nilipostaafu ualimu nimelitazama duka hilo kutoka kwenye benchi la nje, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Leo nimeingia kwa mlango wa mbele, nikaufungua mwenyewe.

Masharti ya mke wangu yalikuwa mafupi. Akirudi akakuta duka limesimama imara, ufunguo utabaki kwangu, naye atapumzisha miguu. Akikuta vinginevyo, ufunguo utakwenda kwa Lucia, binti yetu, nami nitarudi kwenye benchi langu maisha yangu yote. Aliyasema haya mbele ya kondakta. Kondakta alinitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

Lucia anasema duka halihitaji kitu. Wateja wa mtaa wetu wa Ilembo wanajua asali ya mama ilipo, kwa hiyo baba akae tu, apokee salamu. Nimemjibu kwamba hata mkokoteni usio na mtu hutembea ukiwa mteremkoni. Amerudi kufuta chupa. Nimeshinda hoja ya kwanza.

Mchana nimehamisha kiti changu kikubwa chenye mikono kutoka sebuleni hadi dukani. Meneja hakalii ndoo.

Jumanne, 17 Juni 2025

Bahati imekuja yenyewe, imebeba begi mgongoni.

Ni binti wa chuo kikuu, ametoka Dar es Salaam. Anaitwa Queen, ingawa amefika kwa bodaboda kama raia wengine. Ameniamkia vizuri. Anafanya utafiti kuhusu biashara ndogo za familia hapa Mpanda: zinaanzaje, zinabuni nini kipya, na wazee wakichoka zinakwenda mikononi mwa nani. Amepita maduka mengi. Anatafuta familia moja tu ya kuiandika kwa kina.

Nimeona njia mara moja. Chuo kikuu kikiandika kwamba mbunifu wa duka hili ni Mwalimu Salvatori, Eufrazia atauchukuaje ufunguo? Atapingana na chuo kikuu?

Akauliza nani alianzisha biashara. Ukweli ni kwamba Eufrazia alianza na ndoo moja barazani, wakati mimi nipo ndani nasahihisha madaftari. Nimejibu kuwa tulianza. Nilikuwepo nyumbani, na asali niliionja.

Akauliza ni ubunifu gani nimeuleta. Nimemwambia aje kesho, mambo makubwa hayaelezwi, yanaonwa.

Kila kitu kingekwenda sawa kama si Gaudensi. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, fundi baiskeli aliye ng'ambo ya barabara. Kwa desturi ya kwetu mabinamu ni watani, na Gaudensi haiachi desturi ipoe. Amevuka barabara na spana mkononi, akamwambia mgeni kwamba mimi ni mtumwa wake, alininunua kwa gunia la viazi, na nusu ya viazi vilikuwa vimeoza. Akaongeza kwamba asali yetu ni tamu kwa sababu mimi sikuigusa.

Queen ameandika yote. Akauliza, bila kutabasamu, kama nafasi ya mtumwa ni ya kudumu au ya mkataba. Gaudensi alilazimika kushika mlango asianguke kwa kucheka.

Jumatano, 18 Juni 2025

Leo ndiyo siku ya ubunifu. Wazo limenijia wakati nanyoa ndevu. Maua huvuta kwa harufu. Mandazi huvuta kwa harufu. Kwa nini asali yetu imefungwa ndani ya ndoo zenye mifuniko, kana kwamba tunaionea haya?

Nimezitoa ndoo zote nje, nimezipanga juani mbele ya duka, nimeondoa mifuniko. Lucia aliuliza kama nina hakika. Nilimwambia asome nyuso za wapita njia. Kweli harufu ilisambaa. Mama mmoja alisimama. Mwenye bodaboda alizima injini. Queen alifungua kalamu yake.

Kisha wateja wengine wakaanza kuwasili, kwa njia ya anga.

Nakiri sikujua kwamba nyuki wa Mpanda ni wengi kiasi hiki. Mama yule alikimbia akaacha kiatu. Mwenye bodaboda aliondoka bila abiria wake. Mimi nilirudi ndani kwa mwendo wa wastani na kujifunika gunia. Lucia alijifunga kanga usoni, akawasha moshi wa majani mabichi, akafunika ndoo moja baada ya nyingine kama mtu anayelaza watoto.

Nikiwa chini ya gunia nilimsikia Gaudensi anapaza sauti kutoka ng'ambo: "Mwalimu, toka nje uongee na wenye mali! Wamefuata asali yao!"

Barabara nzima ilicheka. Duka likafungwa hadi jioni. Shavu langu la kushoto limevimba kama limeficha ndimu. Queen aliniuliza kupitia dirishani jinsi ninavyokabiliana na hatari katika biashara. Nilimjibu kwamba ninakabiliana nazo nikiwa nimekaa.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Jana sikuandika kwa sababu ya shavu. Lakini nilifikiri.

Tatizo si nyuki. Nyuki wamekwenda zao. Tatizo ni Gaudensi. Queen amesema atakuja kesho, Jumamosi, kuwahoji wateja, kisha ataamua familia ya kuiandika. Gaudensi akisimama pale kunitukana mbele ya wateja, nitaandikwa vipi? Mtumwa wa viazi?

Kwa hiyo asubuhi nimeitisha mkutano wa bodi ya familia. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Lucia alikuwa bodi. Nimependekeza utani upigwe marufuku mbele ya duka. Lucia aliniomba nisifanye hivyo. Alisema mama hajawahi kuwazuia watani, na mtu anayekataa utani anajua kinachompata. Nilimwambia desturi ni nzuri harusini na msibani, lakini duka ni mahali pa uongozi wa kisasa. Tulipiga kura. Ilikuwa sare, na mwenyekiti ana kura ya ziada.

Nimeandika kibao kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikakitundika mlangoni: NI MARUFUKU KUTANIA MBELE YA DUKA HILI. KWA AMRI YA MENEJA.

Gaudensi alivuka barabara, akakisoma. Akakisoma tena kwa sauti, kama somo la kwanza kanisani. Aliniuliza kwa upole kama ni kweli nimemkataa. Nilisema ni uamuzi wa bodi. Akaitikia kwa kichwa, akafunga banda lake kabla ya saa ya kufunga, akapanda baiskeli kuelekea Kabungu, wanakoishi watoto wengine wa shangazi.

Amekwenda kujificha kwa aibu. Nilikuwa sijui kwamba uongozi ni rahisi hivi.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Hakuwa amekwenda kujificha.

Wateja walikuwepo, Queen alikuwepo na maswali yake, mimi nilikuwa kwenye kiti changu nikieleza maono yangu. Ndipo zikasikika filimbi na mifuniko ya sufuria. Watoto wa shangazi wote wa Kabungu wameshuka kwenye pikipiki. Mbele alikuwa Agatha, dada yake Gaudensi, mwenye sauti inayoweza kuita ng'ombe kutoka wilaya nyingine. Nyuma yake Maiko, ambaye hufunga milango kwa upana wake tu.

Agatha alinisomea mashtaka. Kwamba mimi, mtumwa wao halali, nimekana mabwana zangu kwa maandishi. Kwamba anayekataa utani hutozwa faini, na faini ni kitu chochote watani watakachokishika kwanza. Akaangalia huku na huku. Akasema duka hili halina cha maana isipokuwa kiti.

Nilidhani wangesubiri nisimame.

Maiko alishika mikono ya kiti upande mmoja, Gaudensi na wenzake upande wa pili, wakakiinua mimi nikiwemo. Nikatolewa mlangoni kama kabati linalohamishwa. Tulikwenda hivyo hadi sokoni, filimbi mbele, watu nyuma. Nilijaribu kukaa kwa heshima. Ni vigumu kukaa kwa heshima ukiwa juu ya vichwa vya watu.

Queen alikimbia pembeni akiuliza kama tukio hili hutokea kila mwaka au kila robo mwaka. Agatha alinitembeza sokoni kama anayenadi mbuzi. "Mtazameni mtumwa wetu! Ni mzee, hajui kulima, hajui kuuza, lakini oneni shavu lilivyonenepa! Ni asali hiyo! Upande mmoja tu ndio ameanza kuila!"

Wauza nyanya waliacha nyanya. Mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu alinionyesha kwa wajukuu wake na kuwaambia kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimchapa kwa kucheka darasani.

Lucia alikuja kunikomboa. Hakuonekana kuwa na haraka. Aliwauliza kama wanataka fidia ya mwalimu pamoja na kiti, au ya kiti peke yake, kwa kuwa kiti kina bei. Wakajadiliana mbele yangu. Mwishowe walikubali chupa za asali, na Agatha akasisitiza kwamba wamenionea huruma, kwani kwa thamani yangu halisi kingetosha kijiko.

Nikarudishwa dukani kwa msafara uleule. Lakini sasa soko zima lilikuwa nyuma yetu. Wote walitaka kuona mwisho, na walipofika mlangoni walitaka asali. Lucia aliuza hadi rafu zikabaki na harufu. Mimi niliendelea kukaa nje kwenye kiti changu, kwa sababu Maiko alikuwa amekalia mkono wa kiti na sikuweza kutoka.

Kibao changu amekichukua Gaudensi. Amesema kitamfaa kuzuia upepo.

Jumapili, 22 Juni 2025

Misani watu walinipa amani kwa bidii isiyo ya kawaida. Wawili waliniita mtumwa. Wa tatu alikuwa katekista.

Eufrazia amerudi mchana na lori la asali. Habari alikuwa amezipata tangu Inyonga, kwenye kituo cha basi, tena kwa maigizo. Akaingia dukani. Akaona rafu tupu. Duka lililouza kila kitu, je, halijasimama?

Queen alikuja kuaga na kutueleza aliyoyaona, na mke wangu akaitaka familia yote isikilize, Gaudensi akiwemo. Mtafiti akasema ametuchagua sisi. Nikanyoosha kola. Akasema amewahoji wateja, na karibu wote walianza kununua hapa baada ya kusimama kumsikiliza fundi baiskeli anavyomtania Mwalimu. Hawana habari na kibao wala tangazo. Ubunifu mkubwa wa biashara hii, kwa maoni yake, ni binamu. Na hatari kubwa zaidi iliyowahi kuikabili ni meneja aliyetaka kumnyamazisha.

Nilimwomba afanye marekebisho madogo. Hakuna aliyenisikia, kwa kuwa Eufrazia alikuwa anacheka hadi amekalia ndoo. Alipopata pumzi alisema Queen asidhani amegundua jambo geni. Yeye ameuza asali miaka yote kwa mdomo wa Gaudensi, na ndiyo maana kila Krismasi chupa ya kwanza huvuka barabara. Gaudensi akasema chupa ni ndogo, anamlisha na mtumwa.

Kisha ukaja ufunguo. Nilikuwa nimeushika mfukoni tangu asubuhi, umepata joto. Eufrazia aliniuliza ningefanya nini nikibaki nao. Nilimweleza mpango wangu wa kubadilisha jina la duka, saa za kufungua na aina ya chupa. Akamuuliza Lucia. Lucia alisema angenunua asali nzuri, angefunika ndoo, na angewaacha watu wacheke.

Eufrazia alinyoosha mkono, kiganja juu. Baba Lucia, akasema, nipe. Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, na hilo lilinigusa kuliko kelele za sokoni. Nikautoa. Ulipita kutoka mkononi mwangu kwenda kwa mama na kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na Lucia alipoupokea alipiga magoti kidogo mbele yetu sote wawili, macho yamemlowa. Nami nilipata kitu jichoni. Shavu lilikuwa bado halijapona vizuri.

Mke wangu hakuniacha mikono mitupu. Benchi nimesamehewa. Kila Jumamosi nitakaa mbele ya duka kwenye kiti changu, nitaniwe. Anasema ni kazi ambayo hakuna mwingine katika familia anayeiweza.

Jumanne, 24 Juni 2025

Nimelitafakari jambo hili usiku wa siku mbili na sasa ninaliona sawasawa. Nimepandishwa cheo. Ufunguo ni kitu cha watendaji. Mimi sasa ninaongoza mambo yote ya nje.

Queen ameondoka asubuhi. Kituoni alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema bila mimi utafiti wake usingekamilika. Nimepewa sehemu yangu peke yangu, ndefu kuliko ya Eufrazia. Inaitwa Changamoto. Gaudensi hana hata kichwa cha habari.

Nikirudi nyumbani nimejiuliza: utafiti una ugumu gani? Ni kuvuka barabara na kuuliza maswali. Basi nimevuka. Nimemweleza Gaudensi kwamba kuanzia leo ninatafiti biashara ndogo za mafundi wa Ilembo, na nimeanza naye kwa heshima ya undugu. Nimekagua banda lake, nikampa ushauri wa kwanza bure: aondoe baiskeli zote, maana zinajaza nafasi ya wateja.

Amecheka mpaka amelala chini katikati ya spoki. Nimeandika: mhojiwa ameupokea ubunifu kwa furaha.