Malalamiko Kuhusu Feni Iliyozimwa kwa Ajili ya Mizani ya Baruti

Bi. Merle Noske,
Barabara ya Maghala,
Yandilka, Australia Kusini.

Kwa Katibu,
Klabu ya Walenga Shabaha, Yandilka.

Ndugu Katibu Penhall,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU RISASI ZINAZOTENGENEZWA NYUMBANI

Natumaini wewe na mama Hildy hamjambo, na kwamba goti lako limeanza kuisikia dawa. Mimi naandika nikiwa na akili zangu timamu, na taulo la maji kichwani. Sababu ya taulo utaiona hapa chini.

Mume wangu, Lindsay, unamfahamu. Kila Jumamosi hulala kifudifudi kwenye mkeka wa klabu, akilenga ubao ulio mbali kiasi kwamba mimi siuoni hata nikiazimwa darubini. Hilo silalamikii. Mwanaume akilala kifudifudi mchana kweupe mbele za watu, mkewe anajua alipo. Ninacholalamikia ni Jumatano, anapogeuza meza yangu ya jikoni kuwa kiwanda, kwa kuwa, kwa maneno yake, risasi za dukani ni kama suti za kukodi: zinamwingia kila mtu na hazimkai yeyote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Feni. Mwezi huu wa Januari siagi imeyeyuka ikiwa kabatini. Hata hivyo, Jumatano iliyopita Lindsay alizima feni, akafunga madirisha, akaketi mbele ya mizani yake ndogo akidondosha baruti punje kwa punje, kama mtu anayemnywesha ndege mgonjwa. Nikamwomba awashe feni walau kidogo.

“Haiwezekani, Merle. Upepo wa feni unainua sahani ya mizani. Punje chache zikizidi hapa, kule mita mia saba risasi imepanda kiganja kizima.”

“Na mimi nikizirai hapa, kule mita mia saba inakuwaje?”

Alilifikiria swali langu kwa makini, maana Lindsay hadharau swali la mtu. Kisha akasema, “Itategemea utaangukia upande gani wa meza.”

2. Kelele. Maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa huyaokota yote, akayarudisha nyumbani kama watoto waliotoka shule, na kuyatia katika pipa linalotikisika usiku kucha pamoja na chenga za mahindi mpaka yang'ae. Pipa liko chumba cha kufulia. Dada yangu Coral alipotutembelea alilala chumba cha pili yake, akaamka macho mekundu.

“Merle, nyumba yenu inasaga meno.”

Aliondoka kabla ya chai, na kwenye begi lake akaondoka na ganda moja lililoangukia ndani ya kiatu. Lindsay alimpigia simu. Si kumwomba radhi. Kumwomba ganda, kwa sababu lilikuwa limepimwa shingo pamoja na wenzake, na sasa wenzake walikuwa pungufu.

3. Vichwa vya risasi. Hapa naomba uketi, Ndugu Katibu. Mtutu wa bunduki, nimefundishwa, una ulaji wake. Una mifereji inayoizungusha risasi, na kadiri inavyozungusha ndivyo unavyopenda kichwa kirefu au kifupi. Wa Lindsay unachagua. Alianza na vile virefu vyembamba vinavyosifiwa kukata upepo. Mtutu ukavitapanya ubaoni kama mchele uliomwagika. Akajaribu vizito zaidi. Ukavikataa. Akashuka kwenye vifupi kidogo, na hivyo ukavitia karibu karibu, na jioni ile alirudi ananukia moshi, akacheza na mimi ukumbini bila muziki. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Tangu hapo kila kichwa kinapimwa uzito, kinapimwa urefu, na kupangwa katika bati langu la kuokea keki: bora, wastani, na cha kujizoeza. Husimamisha kimoja kwenye mwanga wa dirisha na kunong'ona, “Huyu sasa. Huyu ndiye.” Bwana huyu anakumbuka kila kichwa ambacho mtutu wake umekikataa tangu siku ya kwanza. Kwamba mimi sili kiazisukari chekundu, hilo husahau kila Jumapili.

4. Matokeo. Mtu angevumilia yote haya kwa ajili ya ngao ya ushindi. Siku ya mashindano ya wilaya nilikuwepo mwenyewe, nikikata sandwichi. Unakumbuka Lindsay alivyopiga asubuhi yote: alama juu ya alama, hata watu wa mashimoni, wale wanaojikinga chini ya shabaha na kuinua mbao, wakawa wanashangilia. Kwenye mkeka wa pili alikuwa Vonnie Schirmer, dereva wa basi la shule, na risasi za boksi la kawaida kutoka kabati la klabu. Kati ya mpigo na mpigo alikula yai la kuchemsha.

Vonnie akamshinda kwa alama moja.

“Ni kitu gani?” Lindsay akamwuliza, bado kalala chini. “Risasi yangu ilikuwa kamilifu.”

“Mzee wangu, risasi yako haina neno. Bendera ya upepo iligeuka. Mimi niliiona kwa sababu nilikuwa natazama bendera. Wewe ulikuwa unaitazama risasi yako kama bibi harusi.”

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nakiri. Nikadhani somo limeingia. Kumbe. Usiku huo Lindsay alikata shauri kwamba lawama si ya bendera bali ya mtikisiko. Kwanza alihamishia banda la kuku nyuma ya tangi la maji, ati jogoo akiruka kutoka mtini sindano ya mizani inashtuka. Halafu akamwandikia diwani kumwomba azuie malori ya ngano kupita barabara yetu kila Jumatano. Diwani alipiga simu, na kwa kicheko chake nilimsikia hata mimi niliyekuwa kwenye sinki: “Lindsay, ni mavuno haya! Unataka ngano ipite wapi, angani?” Sasa zamu imenifikia mimi. Juzi, kwa upole kabisa, aliniuliza kama ningeweza kuvuta pumzi nikiwa nimegeukia upande wa friji.

Kwa hiyo naiomba kamati ipige marufuku risasi za nyumbani. Kama hilo ni gumu, klabu itenge chumba kisicho na wake, kuku wala dada wa wake. Kama hata hilo ni gumu, basi kila mpigaji akatwe alama moja kwa kila nyuzi ya joto aliyoivumilia mkewe. Na kama kamati itaona kwamba pumzi yangu kweli inainua sahani ya mizani, basi kwa haki mimi ni sehemu ya mizani, na ngao ikipatikana siku moja jina langu liandikwe chini ya lake.

Nisalimie mama Hildy, wazee wa kamati, Vonnie, na wale wote wa mashimoni.

Ni mimi, katika utulivu wa kulazimishwa,

Merle Noske

Tanbihi. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha, nikaifungua tena. Wewe ni mgeni hapa Yandilka, yamkini hujaambiwa. Ukame ulipotulazimisha kuuza kondoo wetu wa mwisho, Lindsay alipanda kitandani na buti zake, akageukia ukuta. Majira yakabadilika yeye yuko vilevile. Hanyoi, haulizi kama mvua imenyesha. Ndipo nilipofunga kabati la bunduki na kumpelekea Vonnie ufunguo akae nao. Hakuniuliza kwa nini. Muda mrefu baadaye, daktari aliporidhika, Vonnie alikuja na ufunguo mkono mmoja, na mkono wa pili kabeba mashine yake mwenyewe ya kutengenezea risasi. Akaitua mezani. “Lindsay, vidole vyangu vimekwisha kwa baridi yabisi. Ichukue, mimi nitapiga za dukani.” Vidole vya Vonnie havina ugonjwa wowote; anafuma masweta.

Kwa hiyo kamati isiisome barua hii. Hoja zote nne nazifuta, na maombi yote pia. Naituma tu kwa kuwa bahasha ina jina lako tayari. Jioni ile Vonnie alipoondoka, Lindsay aliketi akaitazama ile mashine kwa muda, kisha akaniuliza kesho ni siku gani. Tangu lori la kondoo lilipotoka getini, alikuwa hajaniuliza habari za kesho.