Disketi Isiyofunguka kwa Jirani

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Suhaib kaongeza kompyuta. Nimeiona inapita kichochoroni kwetu Mkunazini, imefunikwa shuka. Nikajifanya nafagia kizingiti. Akanisalimu, nikamjibu. Kujibu salamu ni wajibu, kumpenda mtu si wajibu.

Duka lake na langu yanatazamana. Sote tunachapa: barua, maombi ya kazi, kadi za harusi. Yeye anatumia Mfumo Ule. Jina lake sitaliandika humu. Kila mtu anautumia, kuanzia maofisi ya Vuga mpaka hoteli za Mbweni. Mimi nnatumia mashine niliyoachiwa na Mzungu wa mradi aliporudi kwao. Nyeupe, ya kistaarabu, na mfumo wake wa peke yake. Unguja nzima hakuna ya pili. Mwanzo niliona hiyo ni sifa.

Wateja hawaioni. Wanakuja na disketi zao, kwangu hazifunguki, wanavuka kwa Suhaib. Mimi nnabaki kutazama visigino vyao.

Leo mke wangu Asila kanambia wazi. Duka likishindwa mwezi huu, nitakwenda kupima vitambaa Darajani kwa kaka yake, Masoud. Mimi, Msabah, nipime vitambaa! Bora nife. Astaghfirullah, nisife. Lakini sipimi.

Jumanne, 5 Oktoba

Mungu si Athumani. Bi Ghaliya wa Vuga anamuoza binti yake Salhiya Ijumaa ya wiki ijayo, na kadi zote kanipa mimi. Suhaib alikuwa mazikoni Mangapwani, lakini sababu sizichunguzi.

Kila kadi itakuwa na jina la mgeni wake. Majina kayakusanya kwa mashangazi, kwa mama wadogo na kwa upande wa bwana harusi, karatasi chungu nzima, kila moja na mwandiko wake. Akaniusia nizitunze. Kumsahau mtu harusini, alisema, ni ugomvi unaorithiwa.

Kisha akaomba apewe na disketi, ili wageni wakizidi aongeze kadi popote. Popote! Popote maana yake kwa Suhaib.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nshamaliza kuchapa majina. Na nimepata wazo, nikajipongeza kwa kahawa na kashata.

Disketi ya Bi Ghaliya nimeihifadhi kwa namna inayofunguka kwenye mashine yangu tu. Akiipeleka ng'ambo ya pili ataona vijisanduku na alama za kuuliza. Atarudi. Ukoo wao mzima utarudi, harusi kwa harusi. Hata talaka zao nitachapa mimi.

Zikabaki zile karatasi za mkono. Hizo zinasomeka kwa kila mtu, hata kwa Suhaib. Hatari. Nikampa Machano, muuza karanga wa Forodhani, afungie karanga zake. Kaniombea dua.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mama yake Suhaib kaanika kanga dirishani, maandishi yamenielekea mimi: Usisafirie nyota ya mwenzio. Nikamtaka Asila aanike kanga ya kumjibu. Kasema ile ni nzuri, hata yeye anayo.

Kadi zingekuwa tayari leo. Nimezichelewesha kwa makusudi. Bi Ghaliya anapopita kuulizia, nnamkalisha mlangoni, na Suhaib anamuona. Leo kamuona mara mbili. Nimelala mchana vizuri sana.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mvua. Umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa hasira. Mashine ikakoroma, ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Nimeipapasa. Nimeisomea dua zote nnazozijua, na ya safari pia. Kimya.

Disketi nnayo mkononi. Mashine ya kuifungua Unguja nzima hakuna. Ile sifa imenitokea puani.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimevuka kichochoro. Naandika kwa uchungu.

Suhaib kanipa kiti, kaniagizia chai. Adabu yake inaudhi. Kaijaribu disketi kwenye kompyuta zake zote, kahangaika nayo mpaka adhuhuri, vijisanduku tu. Kasema pole, aliyeihifadhi hivi hakutaka mtu mwengine aifungue. Nikamaliza chai. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwangu, na hilo nalo limeniuma.

Akasema basi tuyachape upya majina, atanisaidia bure. Karatasi ziko wapi? Nikamwambia zimerowa mvua.

Alasiri Bi Ghaliya akaingia dukani kwangu na kifuko cha karanga. Alipita Forodhani. Akakikunjua taratibu, akanisomea: jina la shangazi yake, Bi Mwanamwema, kwa mwandiko wa Bi Mwanamwema mwenyewe, limejaa chumvi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye kanipa wageni wa mwanawe niwaalike, na mimi nimewafungia karanga.

Alhamisi, 14 Oktoba

Bi Ghaliya karudi kwenye mtindo wa zamani. Kawatoa mashangazi wavae mabuibui, kila mmoja aalike watu wake kwa mdomo. Hodi, karibu, mnaalikwa. Hawana disketi wala wino, na kila mlango unawafungukia.

Kichochoro chetu kimemwangukia Bi Mwatum, mmoja wa mashangazi hao. Nilivaa kanzu safi, nikakaa mlangoni. Kaingia kwa Suhaib, kamwalika mama yake harusini, na Suhaib mwenyewe kwenye nikaha. Kisha akaja kwangu. Nikasimama, nikamwamkia. Kamwalika Asila. Mimi kaniuliza kama nna karanga.

Jumatatu, 18 Oktoba

Darajani. Siku yangu ya kwanza kwa shemegi Masoud.

Harusi ilijaa mpaka barazani. Suhaib alikaa karibu na kadhi. Sikuuliza, Asila kanambia tu.

Napima vitambaa. Duka la jirani ni la Abrahman, nalo limejaa. Wateja wanaingia kwetu, wanashika kitambaa, wanapimiwa, kisha wanavuka kwake. Visigino vilevile. Nimemtazama yule mtu siku nzima mpaka nikasahau kula.

Lakini tatizo nimeligundua, na Masoud miaka yote hakuliona. Fimbo yetu ya kupimia na ya Abrahman zina urefu mmoja. Wari ya kwetu ni wari ya kwake! Mteja akijua gauni lake linataka wari tatu hapa, anajua na kule ni tatu. Kitu gani kitamzuia kuhama? Tukiwa na wari yetu wenyewe, ambayo duka jengine halina, atazoea hesabu yetu na kwengine atapotea. Atarudi. Ukoo wao mzima utarudi.

Masoud kaenda kuswali alasiri. Nimeazima msumeno kwa seremala.