Shayiri Isiyotaka Maji

Jumatatu, 5 Novemba 1984

Kuku wa mama wamekula jaribio langu. Vyungu vyote viwili vya shayiri, cha maji baridi na cha maji ya chumvi. Kumbe chumvi kwao ni kitoweo. Zimebaki siku kumi na moja kabla ya maonyesho ya sayansi, na kila kazi lazima ipitie kwenye kompyuta ya shule. Mwalimu Petrakis katangaza leo kwamba mshindi ataibeba kompyuta hiyo nyumbani likizo nzima ya Krismasi. Wiki sita! Nani mwingine anaistahili? Leanne Noske? Huyo anachunguza kama kompyuta hutupa dadu kwa haki. Huiwasha, huandika namba mia kwenye daftari, huizima. Kesho huiwasha tena. Kuku wetu wana malengo kuliko yeye.

Jumanne, 6 Novemba

Shule nzima imejazana kwenye redio kusikiliza mbio za farasi za Melbourne. Nikabaki na kompyuta peke yangu. Nikaiwasha, nikaiamuru initolee namba za kubahatisha, moja hadi sita. Kila namba ni milimita ambazo shayiri ya chumvi ilikua kwa siku. Siku ishirini zikaota kabla farasi hawajamaliza mzunguko. Shayiri ya maji baridi nikaizidisha mara mbili. Ugunduzi: chumvi hupunguza ukuaji kwa nusu kamili! Wakulima wa huku wamehangaika na chumvi miaka mia. Mimi dakika tatu. Nimehifadhi programu kwenye kaseti ya dada yangu, juu ya nyimbo zake. Siku moja atajivunia.

Alhamisi, 8 Novemba

Leanne kauliza shayiri yangu inaendeleaje. Inasitawi, nikamwambia. Akauliza iko wapi. Kwa mjomba. Akaniinamia.

"Gavin, namba za ile mashine usiziamini. Hasa ukiwa ndiyo kwanza umeiwasha."

Wivu mtupu. Asiye na shamba haachi kulisengenya la jirani.

Jumatatu, 12 Novemba

Meza zimegawiwa. Yangu imetupwa karibu na vyoo. Iliyo kando ya Leanne kapewa Colin Pfitzner na puto lake la maji. Nikaona mbali. Jaji akitoka kwenye dadu za Leanne na kukuta shayiri yangu, atahisi ametoka jangwani kaingia bustanini. Nikamhonga Colin pai ya nyama tubadilishane. Akataka mbili. Nikampa. Hakuuliza hata sababu, zuzu yule.

Ijumaa, 16 Novemba

Jaji ni Bibi Hannaford, afisa kilimo, mtaalamu wa shayiri. Bahati iliyoje! Kasoma bango langu mara mbili. Kasema katika miaka ishirini na sita ya kazi hajaona nusu iliyonyooka namna hiyo. Nikamshukuru.

Akahamia meza ya pili. Leanne akaeleza kwa kile kisauti chake kwamba kompyuta hii ikiwashwa upya, namba zake za kubahatisha hazibahatishi lolote. Huwa zile zile, kwa mpangilio ule ule. Alikuwa na orodha nne za siku nne, zote mapacha. Bibi Hannaford akaanza kuisoma ya kwanza kwa sauti.

"Nne, nne, moja, sita, mbili..."

Akageuza shingo pole pole kuelekea bango langu.

"...tano, tano, tatu."

Akaendelea kusoma kwangu, kidole kikishuka kwenye orodha ya Leanne, mpaka namba ya ishirini. Hakujikwaa hata mara moja.

Nikasema huenda Leanne ameinakili shayiri yangu.

"Orodha yake ni ya tarehe tisa Oktoba, mwanangu. Wewe umeandika hapa ulipanda tarehe ishirini na mbili."

Aliyesikika ni Colin tu, akitafuna.

"Nilikwambia," Leanne akasema. Wala hakucheka. Hilo ndilo sitamsamehe.

Kompyuta imeondoka na pikapu ya baba yake Leanne, imefunikwa blanketi kama mtoto mchanga.

Jumapili, 25 Novemba

Mwalimu Petrakis kaamua nirudie jaribio likizoni kwa shayiri ya kweli, la sivyo nirudie somo zima. Miche kumi, siku sitini, nimpelekee namba Februari. Kanipa na mbegu.

Nimejitafakari sana. Kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa kuamini mashine.

Kwa hiyo nimeazima dadu ya mfupa kutoka kwa bibi. Miche kumi kwa siku sitini ni kuitupa mara mia sita. Ila safari hii sifanyi mambo kienyeji. Kwanza lazima nihakikishe dadu yenyewe ni ya haki, nisije nikaumbuka tena. Naitupa, naandika kwenye daftari, naitupa tena. Nimeanza tangu asubuhi. Kiwiko kinaniuma.

Mama kapita sasa hivi. Kauliza kwa nini sivitazami vile vyungu alivyonipandia mwenyewe akavizungushia waya wa kuzuia kuku, maana shayiri imeshatoka, inafika kidole kizima. Kumwagilia na kupima, kasema, ni dakika tano tu.

Nimemwomba asinisumbue. Niko kwenye namba ya mia tatu na kumi na mbili, na mtu akisemeshwa hupoteza hesabu.