Lori Lisilo na Kutu Rasmi

"Halina kutu!" alisema Ndugu Clementi kwa mara ya nne, na safari hii aliinua karatasi juu, muhuri ukiwaelekea wananchi. "Kwa mamlaka ya Kamati ya Kudumu ya Uzima wa Vyombo vya Moto, natangaza kuwa lori la kijiji halina kutu."

"Halina wapi?" aliuliza Jenoveva. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, mkononi ameshika kipande cha chuma kilichomeguka kama kiporo cha ugali. "Hiki nimekivunja kwa vidole, Mwenyekiti. Sijagusa hata nyundo."

"Kwa hiyo umeharibu mali ya umma."

"Imejiharibu yenyewe. Inama uone."

Ndugu Clementi hakuinama. Kwanza, alikuwa amevaa suti yake ya Kaunda, ile ya kijivu. Pili, Kanuni ya Saba ya Kamati, aliyoitunga mwenyewe, ilisema wazi kwamba kutu itatambuliwa tu pale kiongozi wa ngazi ya mwenyekiti atakapoingia uvunguni na kuishuhudia. Kanuni ya Nane ilisema kiongozi halali chini mbele ya wananchi. Ukiziweka pamoja kanuni hizo mbili, unapata lori zima kabisa. Ndugu Clementi alishangaa kuwa Jenoveva, karani wa usafirishaji, mtu aliyewahi kufanya kazi gereji kule Nyasho, hakuliona jambo jepesi kama hilo.

"Mwenyekiti, sikiliza," alisema Jenoveva. "Kila Alhamisi hili lori linatoka Mwigobero na samaki wa chumvi. Maji ya chumvi yanachuruzika kwenye mbao mpaka kwenye boriti za chini. Mwezi wa saba mwanangu Wankyo ataenda hospitali Musoma kujifungua. Mkunga amempapasa, mtoto ametanguliza matako. Hatuna gari lingine. Nipe rangi ya kuzuia kutu na brashi za waya zilizo stoo. Siku mbili tu, mimi na Mayala dereva tunakwangua, tunapaka, tunamalizia na oili chafu."

Ombi hilo lilimsikitisha Ndugu Clementi kwa upungufu wake wa itikadi. Rangi ilikuwa madebe matatu. Debe la kwanza lilikwisha tumika kwa kazi muhimu: kupaka bango la bati mbele ya ofisi, lililoandikwa KUTU NI ADUI. Ndicho chuma pekee pale kijijini ambacho hakikuwa na kutu. Madebe mawili yaliyobaki yalikuwa akiba ya kimkakati.

"Mama Wankyo," alisema kwa upole wa kiongozi, "tutategemea rangi za viwandani mpaka lini? Nyumba zenu mnazihifadhi kwa nini?"

"Tunasilibaga kwa mavi ya ng'ombe."

"Kwa samadi laini," alisahihisha. "Na zinaanguka?"

"Nyumba ni udongo, Mwenyekiti! Hiki ni chuma. Mavi yanakaa na maji, tena yana mkojo. Utakuwa umeivisha kutu shati lililolowa."

"Andika," Ndugu Clementi alimwambia katibu wake, Florian. "Karani amepinga maarifa ya wazawa."

Basi kuanzia Jumamosi ile wanawake wa kijiji walilala chini ya lori na kulisiliba tumbo, vidole vikichora mistari mizuri ya mviringo kama kwenye sebule. Kanuni ya Nane haikuwahusu, wao hawakuwa viongozi. Bi Euphrasia, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, alitokeza kichwa na kuuliza kama aweke na rafu ya vyombo. Mayala dereva aliapa kuwa nzi wanamfahamu kwa jina. Kamati ilikagua ikiwa imesimama wima, umbali wa hatua kumi, ikaridhika. Kutu haikuonekana tena hata kwa wenye nia mbaya.

Kila wiki walirudia. Ndugu Clementi aliandika ripoti ya kurasa kumi na nane, na jibu likaja kutoka wilayani kwa simu ya upepo: alete mafanikio hayo kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Bunda.

Siku hiyo, mwaka wa sabini na tano, iliangukia Jumatatu. Wankyo alitakiwa awe hospitali Jumatano.

"Tukirudi salama," alisema Jenoveva akipanda nyuma ya lori.

"Tutarudi na cheti," alisema Ndugu Clementi.

Hakukaa mbele na dereva. Mle ndani wananchi wangemwona kichwa tu. Aliamuru kiti chake cha ofisini kiwekwe katikati ya bodi, juu ya mbao. Mbele yake liliwekwa kasha la maonyesho: yale madebe mawili ya rangi, hayajafunguliwa, pamoja na brashi kumi na mbili za waya, bado zimo kwenye karatasi zake. Kichwa cha maonyesho kilikuwa "Silaha Ambazo Hatukuzihitaji". Kasha lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo akautia katika mfuko wa suruali. Florian na mjumbe wa tatu, Isidori, walisimama wakimshikia kiti.

Walipofika Kabasa, watu walikuwa wamejipanga pande zote za barabara. Ndugu Clementi akainuka, akapunga mkono, akaketi tena kwa heshima yake yote. Wakati huohuo Mayala akaingia kwenye korongo dogo.

Chini kukasikika *ka!* kama mtu anayevunja muwa. Mbao mbili zilitengana kwa adabu, kiti kikapinduka nyuma, na Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu akazama mpaka kiunoni. Juu alibaki kiongozi, chini zikabaki suruali. Lori lilikuwa bado linatembea, hivyo suruali nazo zilitembea. Kisha zikakimbia.

"He! Lori lina miguu!" mtu alipiga kelele.

"Ndiyo kujitegemea huko!" akajibu mwingine, na watu wakapiga makofi.

"Simamisha!" alifoka Ndugu Clementi. "Mayala! Nimechoka!"

Lori likasimama. Jenoveva akapiga magoti, akachungulia kwenye pengo. Boriti ya chuma ilikuwa imekatika, na kutoka pale palipokatika lilining'inia bonge la samadi yenye mistari mizuri ya mviringo.

"Ng'oeni ubao huu nitoke," alisema Ndugu Clementi.

Isidori alishika ubao. Florian akamzuia, uso umempauka.

"Kanuni ya Tisa, Mwenyekiti. Hakuna kung'oa ubao wala msumari wa chombo cha umma bila uamuzi wa kikao."

"Mimi ndiye niliyeitunga!"

"Ndiyo maana naiheshimu."

Ndugu Clementi alitafuta kosa katika hoja ile, hakuliona. Ilikuwa kazi yake nzuri. "Basi kikao kimefunguliwa," alisema. "Wajumbe watatu, akidi imetimia. Ajenda ni ubao."

"Ajenda ni kutu," alisema Jenoveva.

"Kutu haijatambuliwa."

"Kanuni ya Saba inasemaje, Florian?"

Florian alifungua daftari. "Mwenyekiti aingie uvunguni mwenyewe." Akatazama pengo, akatazama kiuno cha bosi wake. "Mwenyekiti... nadhani umeingia."

"Nusu," alisema Ndugu Clementi.

"Kwa hiyo tuondoe ubao wa nusu?" aliuliza Jenoveva. "Sikia, baba. Mimi na Mayala tuna nafasi. Saba Saba inaendelea mpaka jioni. Mwanangu Jumatano atapita juu ya mbao hizi hizi na tumbo lake. Afadhali umetangulia wewe."

Nzi mmoja alitua kwenye paji la uso wa Ndugu Clementi, kana kwamba anamfahamu kwa jina. Huko chini mtu alikuwa akizipima suruali zake kwa fimbo.

"Kamati imeamua," alisema taratibu. "Kutu ipo. Kasha lifunguliwe. Boriti iungwe leo leo."

"Waliokubali?" aliuliza Florian.

Mikono mitatu ikanyooka. Mayala hakungoja muhtasari. Aliingia uvunguni, akatia mkono katika mfuko wa Mwenyekiti, akautoa ufunguo. Isidori akamkimbilia fundi wa kuchomelea pale pale Kabasa. Jenoveva akafungua kasha, akararua karatasi za brashi, kisha akang'oa ubao.

"Nivuteni juu," alisema Ndugu Clementi.

"Juu kuna misumari. Shuka tu, uko karibu."

Akashuka. Akalala chali ndani ya suti ya kijivu, mbele ya Kabasa nzima, na kwa mara ya kwanza akaliona lori lake. Bonge la samadi likamdondokea kifuani, na kipande cha boriti ndani yake.

"Muhtasari niandike nini hapa, Mwenyekiti?" Florian aliita kutoka juu.

"Acha kalamu. Shuka na brashi yako."

Jenoveva aliinama, akamtia brashi ya waya mkononi.

"Anzia hapo kwenye kona," alisema. "Ukwangue mpaka uone chuma. Jumatano kuna abiria."