Injinia Auza Usalama

Siku ambayo Birika aliingia kwenye duka la kuchapisha na kuulizia bei ya mfumo wa usalama, Injinia alikuwa amejikunja pembeni, anakunywa soda ya mkopo. Masikio yakamsimama.

"Mfumo wa usimamizi wa usalama mahali pa kazi," Birika alisoma kwenye kikaratasi, amekishika mbali na macho. "Nichapishieni mmoja. Kama kuna mdogo, nipeni mdogo."

Dada wa duka akamtazama juu mpaka chini. "Mzee, hapa tunachapisha kadi za mwaliko na picha za vitambulisho. Mfumo huo nausikia kwako."

Mama yake Birika alimpa jina jingine, zuri tu, lakini mkandarasi mwenye mkono wa birika kiasi kile hawezi kudumu na jina la mama. Alikuwa anajenga ghorofa tano kwa jukwaa la miti iliyokwisha kujenga majengo mengine manne kabla ya hapo. Ubao mmoja ukakatika, fundi wa plasta akaanguka, akavunjika mguu. Mwenye jengo aliposikia akasema hatoi pesa ya awamu inayofuata mpaka mkaguzi wa bima aje aone mfumo wa usalama. Birika hakujua mfumo ni kitu cha namna gani, ila alikuwa na hakika kitakuwa ghali.

Sasa Injinia naye, tuseme ukweli kwa heshima zote, uinjinia wake ulianzia na kuishia kwenye kufungua chupa kwa meno. Aliwahi kuuza dawa ya panya iliyonenepesha panya. Aliwahi kuuza kiwanja kizuri ambacho mvua zilipokuja kikageuka bwawa, na mnunuzi alipolalamika akauziwa wazo la kufuga samaki. Huyo ndiye aliyeinuka, akafuta mdomo, akashika mkono wa Birika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Mfumo hauchapishwi. Mfumo unafungwa, kama unavyofunga dishi la televisheni. Ukienda na wa karatasi, mkaguzi anapuliza tu, unapeperuka."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Wananiita Injinia." Na hapo hakudanganya, maana kweli walimwita hivyo.

"Bei gani?"

"Inategemea. Kuna wa kawaida, wanachukua wale wanaobahatisha. Na kuna kamili."

"Huo kamili," Birika aliuliza, jicho moja amelifumba, "hautakuja kunidai tena huko mbele? Leo misumari, kesho kamba?"

"Hata senti. Kamili ni kamili."

Wakapatana, nusu sasa hivi, nusu mkaguzi akishatia sahihi. Ile nusu ya kwanza Injinia aliitia chini ya soli ya kiatu, benki ambayo haina foleni, akaondoka akitembea kwa adabu.

Kwenye eneo la ujenzi alifunga mfumo kwa kasi ya ajabu. Alichora mishale myekundu inayoelekeza kwenye mishale mingine. Alileta kofia kuukuu za pikipiki, akazikata vioo na kuzipaka rangi ya njano, na tangu hapo mafundi wakawa hawasikii wakiitwa. Getini akabandika bango la kutoa amri, kwamba wakati wa zamu mtu yeyote haruhusiwi kutoka mpaka kofia zihesabiwe. Juu yake akapigilia bango kubwa kuliko yote, lenye herufi za kijani: SIKU ELFU MOJA BILA AJALI. Jengo lenyewe halikuwa limetimiza mwaka.

Chini ya bango hilo alikuwa ameketi mlinzi wa geti, magongo yamelala magotini. Huyo ndiye fundi wa plasta aliyeanguka. Birika alimpa kazi ya ulinzi badala ya fidia, na akajisifu mtaa mzima kwa huruma yake.

"Kaka," mlinzi aliuliza, "hizo siku elfu, ile yangu imo?"

"Wewe hukuanguka, bwana. Ulishuka haraka."

Vibarua wakacheka. Mlinzi hakucheka. "Sawa. Lakini mdogo wangu ndiye yuko juu sasa badala yangu. Anakanyaga mbao zile zile."

Injinia akampigapiga begani, akaenda kuchora mshale mwingine.

Kulipokucha siku ya pili, Birika akakusanya watu wote mbele ya jukwaa. Mkaguzi alikuwa anakuja keshokutwa. Birika akawasimulia mkataba wake wote, jinsi alivyombana Injinia mpaka akasema hata senti ya ziada hakuna, kisha akamkaribisha mtaalamu aseme machache. Machache ya Injinia yalichukua muda. Alizungumzia hatari na tathmini ya hatari, akazungumzia na tathmini ya tathmini. Alipofika katikati ya utamu, nyapara akainua mkono.

Nyapara wa pale alikuwa mtu mzito wa kusema, mwenye macho ya usingizi, mtu ambaye ukimwona unadhani anahitaji kuamshwa. "Injinia," alisema, "nisaidie mimi mgumu wa kuelewa. Kwenye huo mfumo, kabla fundi hajapanda, nani anahakikisha kwamba jukwaa ni zima?"

"Mtaalamu."

"Anahakikishaje? Kwa kuliangalia?"

"Kuangalia ni kwa wanaobahatisha," Injinia alijibu, na hapo ndipo ulimi usio na mfupa ulipomteleza. "Kwenye mfumo kamili, mtaalamu anapanda yeye kwanza, mpaka juu kabisa. Akifika anaruka mara tatu. Ndipo mfanyakazi anaweka mguu."

Watu wakapiga makofi. Birika naye akapiga, maana makofi ni bure.

"Na mtaalamu wetu hapa ni nani?" nyapara aliuliza polepole.

Injinia alikuwa bado anaitikia makofi. "Si ndiye mimi hapa!"

"Mmesikia," nyapara akawaambia wenzake. Mafundi wakaweka chini miko na ndoo, wakakaa juu ya matofali. "Tunakusubiri, Injinia."

Injinia akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akasogea kwenye jukwaa, akautikisa mti mmoja kidogo tu, kwa heshima. Unga wa mbao zilizoliwa na wadudu ukamwagikia kiatu, kile kile chenye benki. Nyapara akaja kusimama kando yake, akabonyeza mti kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walisema vizuri, lakini hawakuwahi kusimama chini ya jukwaa la Birika.

"Ngoja nikachukue vipimo vyangu kwenye gari," Injinia alisema. Gari hakuwa nalo. Akatembea kuelekea getini, kwanza kwa hatua za mtaalamu, halafu kwa hatua za mtu anayekula kona. Gongo moja likainuka, likamzuia kifuani.

"Kofia hazijahesabiwa," mlinzi alisema.

"Bango hilo nimeliandika mimi."

"Ndiyo maana nalifuata."

Aliporudi alimkuta Birika amekunja uso. "Watu wamekaa, jua linapanda, siku nailipa mimi. Panda basi tumalize. Kuruka mara tatu kuna nini?"

Injinia aliogopa. Tuliseme hivyo hivyo, bila kulifunika. Jasho lilimtoka mahali ambapo hakujua kuna jasho. Lakini mtu akifikwa na maji ya shingo hushika kile alichonacho, na yeye alikuwa na mdomo.

"Mzee," akamvuta Birika pembeni, "mkaguzi anayekuja unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Mimi namfahamu." Hakumfahamu. "Bwana mmoja mnene, uzito wa magunia mawili. Huyo haonyeshwi kitu kutoka chini, lazima apande mwenyewe. Sasa fikiria. Fundi wako alipoanguka, ulimweka geti. Mkaguzi wa bima akianguka, utamweka geti gani?"

Birika akatazama jukwaa. Inaelekea ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama. Miezi yote hiyo watu walipanda pale asishtuke, lakini akili yake ilipompandisha mtu mmoja wa bima, akarudi nyuma hatua mbili.

"Inatakiwa nini?"

"Mabomba ya chuma, na vifungio vyake. Mbao mpya. Na vizuizi pembeni, mtu asidondoke." Injinia mwenyewe alishangaa jinsi yanavyotoka, maana alikuwa akisoma tu sura ya kile kilichokosekana mbele yake.

Tabasamu likamjia Birika taratibu. "Lakini wewe uliniambia kamili ni kamili. Hata senti."

"Alisema," nyapara akaitikia kwa mbali, na macho yake ya usingizi. "Mzee umetusimulia wote hapa asubuhi."

"Basi nusu yako iliyobaki ndiyo mabomba. Isipotosha, ongezea na ile niliyokupa. Hutaki, panda sasa hivi mbele ya watu."

"Mzee, huo ni uonevu. Nina familia." Familia pia hakuwa nayo.

Hapo mdogo wake mlinzi akainuka kwenye matofali na mwiko wake mkononi. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, kachoka. "Jamani, tusipofanya kazi tunakatwa siku. Kama Injinia hawezi, napanda mimi. Nimepanda jana, nitapanda na leo." Akashika mti, akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza. Ubao ukalia. Kule getini, kaka yake akajaribu kusimama haraka, gongo likamponyoka, likaanguka kwenye changarawe.

"Shuka," Injinia alisema.

"Niache bwana, nina watoto wanakula."

"Nimekwambia shuka." Alimshika mkanda wa suruali, akamteremsha kwa nguvu. Baadaye alijiambia kwamba alifanya vile ili polisi wasije wakamkuta pale. Hiyo ndiyo sababu aliyojiambia, nasi tusimnyang'anye.

Kisha akakaa chini, mbele ya kadamnasi, akavua kiatu. Walioketi karibu wakageuza nyuso, maana benki ile ilikuwa haijapata hewa siku kadhaa.

Walikwenda duka la vifaa vya ujenzi na lori, yeye na nyapara, na njia nzima nyapara alikuwa ameshika mkanda wake Injinia. "Kwa usalama," alimweleza. Mabomba yakaja, vifungio vikaja, mbao zikaja. Kutwa nzima na siku ya pili jukwaa likasimamishwa upya, na hakuna kifungio ambacho Injinia hakukikaza kwa mkono wake mwenyewe. Kikikazwa na fundi, anakikaza tena. Mtu anayejua kwamba yeye ndiye wa kwanza kupanda hafanyi kazi ya kulipua. Akamsumbua nyapara kwa maswali mpaka nyapara akaomba kupumzika.

Jioni akapanda. Mruko wa kwanza ulikuwa mdogo, hata unyayo haukuachana na ubao. Wa pili mafundi wakapiga miluzi. Wa tatu aliruka kweli, na jukwaa halikutikisika, naye akabaki kule juu kidogo, anatazama mapaa ya mji, moyo umejaa furaha ambayo hakuweza kuitia bei.

Asubuhi mkaguzi akafika. Alikuwa mama mwembamba, mfupi, na mkoba begani.

Birika akamgeukia Injinia kwa sauti ya chini. "Huyu ndiye magunia mawili?"

"Kapungua sana," Injinia alisema. "Pengine anaumwa."

Mama yule akapanda mpaka juu bila kushika mkono wa mtu, akagonga mabomba, akavuta vizuizi, akashuka. "Haya mabango yang'oeni, yanadanganya watu," alisema. "Hizi kofia za pikipiki zitupeni, leteni za kazi. Mishale hii sijaielewa kabisa. Ila jukwaa ni zuri, sijaona zuri kama hili mwaka huu. Nani amelifunga?"

"Mimi," Birika alisema, akakohoa.

Mkaguzi akamwandikia mwezi mmoja kumalizia kofia na mengineyo, akatia sahihi, akaenda zake. Pesa ya awamu ikawa imepatikana. Injinia akamfuata Birika, akamwomba angalau nauli.

"Kamili ni kamili," Birika alimjibu, na mlango wa ofisi ukafungwa.

Getini alimkuta nyapara anamsaidia mlinzi kuteremsha lile bango la siku elfu moja. Injinia akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kiatu kimoja kinapwaya.

"Wewe," alisema, "tangu lini ulinijua?"

"Zamani. Shemeji yangu anafuga samaki."

Injinia akameza hilo. "Na ukamwacha mzee wako aniokote pale dukani?"

"Nani unadhani alimwelekeza kwenye duka lile? Yule mtu hajawahi kuchapisha kitu maishani, karatasi inauzwa. Nilijua soda zako za mkopo unazinywea pale." Nyapara akaegemeza bango ukutani, akapangusa mikono. "Sikiliza bwana. Tangu tuko ghorofa ya kwanza namwambia yule mtu ukweli. Nimempeleka pale jukwaani, nimemwonyesha. Mwenzetu kaanguka, nikamwambia tena. Hasikii. Nikaona ukweli kwake hauna soko. Nikasema basi, tumtafutie mwongo. Na awe mwongo hodari."

Injinia aliyekuwa amekasirika alijikuta kidogo amefurahi, halafu akakasirika upya kwa sababu amefurahi. Kuingizwa mjini na mtu mwenye macho ya usingizi. Mlinzi akamsogelea. Alimshika mkono, akaubana muda mrefu, kisha akaenda kwa gongo moja kufungua geti.

"Yote sawa," Injinia alisema. "Lakini pesa yangu, nyapara. Pesa yangu iko wapi?"

Nyapara akainua kidevu kuelekea ghorofa ya tatu. Mdogo wake mlinzi alikuwa kule, anapiga plasta, anasogea kando hatua kwa hatua bila kutazama miguu yake.

"Ile pale," alisema. "Imebeba mtu."