Pengo la Herufi G

Kahawa ilipoa vikombeni siku hiyo kwa sababu ya herufi. Redio, kinyozi asiyenyamaza hata akiwa na wembe mkononi, alikuja na habari kwenye simu: herufi za madini ya risasi za kile kiwanda cha chapa kilichofungwa zamani, zilizochongwa kwa kufuata mwandiko wa kalamu, zimefufuliwa. Watu wamezipiga picha kutoka vitabu chakavu, wakazitia kwenye kompyuta, sasa zinauzwa dunia nzima.

Mzee Nukta, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kuufunga kila ubishi, akaweka kikombe chini. Miaka ishirini na sita kiwandani humo alizisubu na kuzipanga herufi hizo kwa vidole vyake. Kusikia zimefufuliwa bila yeye kuulizwa ilikuwa sawa na kusoma harusi ya bintiye gazetini.

"Mtaalamu anasema utamu wote uko kwenye pengo la mkia wa g," Redio akaendelea. "Eti hapo msanii alishusha pumzi. Wameliacha vilevile, na wanamtafuta aliyelitia wampe tuzo."

Kijiwe kizima kikamgeukia Mashine, mpiga chapa mstaafu, mume wa dada yake Nukta. Pumzi yenyewe waliijua: kalibu ya g, umbo la kumiminia risasi, ilianguka sakafuni ikabonyea, na tangu hapo kila g ikatoka na pengo. Kwa miaka thelathini Nukta ameapa kwamba aliyeiangusha ni shemeji yake, na Mashine alisimamishwa kazi miezi miwili kwa kosa hilo.

"Basi tuzo ni ya Mashine," Redio akasema, akampa mkono.

Nukta akapaliwa. Alipopata sauti, akaeleza kwamba ile kalibu ilikuwa mkononi mwake yeye, tena haikuanguka, aliiachia. Jicho lake lilikuwa limeona mkia unakosa kitu.

"Si ulikuwa unaapa?" Redio akauliza.

"Nilimwachia sifa. Shemeji ni ndugu."

Watu walicheka mpaka benchi likalalamika. Mashine hakucheka.

"Rudia, shemeji. Nani?"

"Mimi. Kwa mkono huu."

"Asante. Sasa inuka twende ukamwambie dada yako. Tangu mwaka ule sijaruhusiwa kushika hata sahani."

Nukta akamwomba Redio asome tena taratibu, huenda ni herufi nyingine. Lakini kijiwe kilikuwa kimeshasimama kumsindikiza.